Stenlesi ya jikoni: sumaku si shahidi wa kutosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni katika ukurasa wa nyumba na makazi, ambamo wasomaji walishauriwa kuachana na kaunta za vigae na za saruji na badala yake waweke za stenlesi, kwa maelezo kwamba chuma hicho hakishiki kutu, hakinywi mafuta na kitadumu kuliko nyumba yenyewe. Mwandishi aliongeza kwamba mnunuzi asiyetaka kudanganywa aende dukani na kipande cha sumaku: ikinasa, aondoke, isiponasa, alipe. Sina ugomvi na sehemu kubwa ya makala hiyo, na mimi mwenyewe ni mpenzi wa stenlesi. Lakini ushauri wa sumaku ndio ulionigharimu kaunta nzima, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu. Naishi Kigamboni, mahali ambapo upepo wa baharini huacha utando wa chumvi kwenye vioo vya madirisha, na maji ya kisima tunayoyatumia yana chumvi kiasi kwamba chai tunaipika kwa maji ya kununua. Nilipojenga jiko langu nilimpata fundi wa kuchomelea ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa mageti na grili za madirisha, nikaongozana naye hadi dukani, nikatoa sumaku niliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, nikaibandika kwenye shiti. Haikunasa. Nililipa nikiwa nimeridhika, na muuzaji akaniandikia risiti yenye neno moja tu la maelezo: "stenlesi".

Kaunta ilipofungwa ilipendeza, hata majirani wakaja kuitazama. Masika hayakuisha kabla mambo hayajabadilika. Kwanza yalijitokeza madoa ya rangi ya chai iliyokolea kando ya sinki, yakifuata mstari uleule ambao fundi alichomelea. Kisha vikaja vidoa vidogo kama vya ncha ya kalamu, vimetapakaa kaunta nzima kama mtu aliyenyunyiza pilipili manga. Mwisho, siku moja niliinua kopo la chumvi lililozoea kukaa pembeni, nikakuta duara la kutu lililokamilika kama limechorwa kwa bikari. Nikafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: nikachukua stilwaya na jiki, nikasugua kwa hasira. Kwa wiki moja kaunta iling'aa, halafu kutu ikarudi na wenzake.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, aliyejifunza uchomeleaji katika chuo cha ufundi cha VETA. Aliitazama kaunta kwa muda mfupi, akapitisha ukucha juu ya vidoa, akaniuliza, "Shangazi, huyu fundi alikuwa anakata nondo kwa grainda hiihii?" Ndipo nilipoelewa kwamba madoa yangu matatu yalikuwa na sababu tatu tofauti, na kwamba sababu ya nne, iliyobeba zote, ilikuwa shiti lenyewe.

Nieleze kwanza jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na oksijeni ya hewani hutengeneza utando juu ya chuma, mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani unauzidi unene zaidi ya mara elfu kumi, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe, mradi hewa iufikie na pasiwe na kitu cha kuutafuna. Adui wake mkubwa ni kloridi, na kloridi imo ndani ya chumvi ya mezani, maji ya bahari, maji ya visima vingi vya pwani, na jiki. Kwa hiyo stenlesi haikuzaliwa na kinga ya milele: inajikinga kila siku, na sisi wenyewe tunaweza kuisaidia au kuizuia isijikinge.

Hapo ndipo suala la gredi, yaani daraja la chuma linaloandikwa kwa namba, linapoingia. Gredi inayostahili jiko la nyumbani ni 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, na ndiyo maana baadhi ya vijiko na masufuria mazuri hugongwa alama ya 18/8 mgongoni. Juu yake ipo 316, ambayo imeongezwa asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni ili iihimili chumvi, na bei yake nayo imepanda kwa kadiri hiyo. Chini yake zipo mbili zinazojaa masokoni. Moja ni 430, ambayo kwa kawaida haina nikeli na hunaswa na sumaku. Nyingine ni 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli, kwa kuwa ni ghali, imepunguzwa na nafasi yake kujazwa na manganizi. Sasa, Ndugu Mhariri, tazama mtego ulivyo: nikeli na manganizi zote huupanga muundo wa ndani wa chuma kwa namna ambayo sumaku haiunasi. Kwa hiyo 201 hupita mtihani wa sumaku sawasawa na 304, na macho ya mnunuzi hayawezi kuzitofautisha, kwa sababu zikiwa mpya zinang'aa vilevile. Lililo baya zaidi, 304 halali ikikunjwa pembeni kutengeneza ukingo huweza kuivuta sumaku kidogo pale penye kona, kwa kuwa kukunjwa kunaubadilisha muundo ule. Mtu mwenye sumaku anaweza kulikataa shiti zuri kwa sababu ya kona yake, akalikubali lile baya kwa sababu ya utulivu wake.

Tulikipeleka kipande kilichobaki cha shiti langu kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuwa na kichupa cha dawa ya matone na betri ndogo ya volti 9, aliweka tone moja juu ya chuma, akagusisha betri kwa sekunde chache, akalinganisha rangi iliyotokea na ile ya kipande chake cha mfano, akatamka bila kusita: "Hii ni 201, mama." Nilibaki nikijiuliza inakuwaje mtu anayenunua chuma kilichotupwa aijue gredi yake kwa tone moja, ilhali aliyeniuzia kipya alijua kuandika "stenlesi" tu. Jibu bila shaka ni kwamba wa kwanza angepata hasara kwa kutojua, na wa pili hasara hiyo ilinifika mimi.

Nirudi kwenye madoa. Vile vidoa vya ncha ya kalamu havikuwa kutu ya stenlesi hata kidogo. Fundi alilikata shiti kwa diski ileile aliyokatia nondo na mabomba ya mageti, na chembe za chuma cheusi zikarushwa zikajichomeka juu ya kaunta yangu, kisha zikaanza kuoza zenyewe kama ilivyo tabia yake. Stilwaya yangu ikaongeza chembe nyingine za aina hiyohiyo. Fundi anayejua kazi huwa na diski maalumu za stenlesi ambazo hazigusi kitu kingine, hufanyia kazi juu ya meza iliyofunikwa mbao au kadibodi, na haliburuzi shiti juu ya sakafu ya karakana iliyojaa unga wa chuma. Ukitaka kumpima fundi kabla hujampa malipo ya awali, usimwombe picha za kazi zake kwenye simu. Muulize diski zake za stenlesi anaziweka wapi.

Doa la rangi ya chai kando ya sinki lilitokana na kuchomelea. Joto kali huunguza ule utando wa kromiamu na kuacha rangi ya bluu, zambarau na kahawia pembeni mwa mshono, na watu wengine huiona rangi hiyo kuwa pambo. Mahali hapo chuma kimebaki uchi. Inatakiwa fundi aiondoe rangi hiyo kwa kusugua na kwa dawa ya asidi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambayo ni hatari kwa ngozi na kwa mapafu na lazima itumike karakanani, ikasuuzwe kwa maji mengi, isiletwe kamwe ndani ya jiko la mtu. Vilevile waya au fimbo ya kuchomelea iwe ya stenlesi inayolingana na shiti. Kwa 304 mafundi hutumia 308L. Fundi wangu alitumia fimbo za mageti. Uchomeleaji wa TIG, unaotumia gesi ya agoni kuikinga sehemu iliyoyeyuka isiguswe na hewa, ndio unaotoa mshono mwembamba na safi, na kwa maungio ya sinki sioni sababu ya kukubali mwingine.

Na lile duara chini ya kopo? Kopo lilikuwa la bati, chini yake palikuwa na unyevu na chembe za chumvi, na hewa haikuwa ikipita. Utando unaohitaji oksijeni ili ujirudishe ulinyimwa oksijeni, huku chumvi ikiendelea kuula. Ndiyo maana mkeka wa mpira uliolowa, sponji iliyoachwa usiku kucha, na hata sufuria lenye maji lililosahauliwa juu ya kaunta huacha alama. Hili halihitaji gredi ya juu. Linahitaji kuinua vitu na kupangusa.

Kuhusu unene nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Kaunta ya nyumbani isiwe chini ya milimita 1, na milimita 1.2 ni bora zaidi. Wanaohesabu kwa geji wakumbuke kwamba, kama ilivyo kwa mabati ya kuezekea, namba ikiwa kubwa shiti ni jembamba, na milimita 1.2 ni karibu na geji 18. Asiye na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, atumie mizani: shiti zima la futi 8 kwa 4 lenye milimita 1.2 lina uzito unaokaribia kilo 28, la milimita 1 linakaribia kilo 24, na la milimita 0.8 halizidi sana kilo 19. Muuzaji anaweza kubishana na maneno, ila akishaliweka shiti kwenye mizani ubishi unaisha. Chini ya shiti pawekwe ubao wa marine, ule unaostahimili maji, au plaiwudi nene iliyogandishwa vizuri, la sivyo kila ukiweka sufuria kaunta itapiga kelele kama ngoma, na ukiegemea itabonyea. Ukingo wa mbele ukunjwe mara mbili ili usikate mikono, na ule wa nyuma upandishwe ukutani angalau sentimita 10 ili maji yasiingie nyuma ya kabati. Kama uwezo unaruhusu, sinki na kaunta viwe kipande kimoja.

Sasa niseme kwa nini, pamoja na hasara hiyo yote, niliweka stenlesi tena. Jiko letu la pwani ni jiko la ndimu, ukwaju, manjano na nazi. Mawe ya marumaru na terazo, kwa kuwa yana chokaa ndani yake, huliwa na ndimu. Ukisahau kipande kilichokamuliwa, asubuhi utakuta alama butu ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa. Vigae vyenyewe ni vigumu na havina neno, lakini grauti iliyo kati yake hunywa tui, mafuta ya kukaangia na damu ya samaki, na baada ya mwaka hata ukisugua kwa mswaki harufu haiishi. Mbao hunywa kila kitu. Graniti ni nzuri kwelikweli, na sitambishia aliyenayo, ila ni nzito, inahitaji kabati imara, na nyingi inafaa zipakwe dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara. Stenlesi haina tundu la kunywea. Manjano yakimwagika unayapangusa. Sufuria lililotoka motoni unaliweka bila kutafuta kitambaa, ingawa kwa lile zito la pilau bado natanguliza kigoda cha chuma, kwa sababu shiti likipata joto kali mahali pamoja huweza kupinda na gundi ya chini ikaachia. Na unga wa chapati, kwa kuwa chuma ni baridi, haugandi upesi kama juu ya plastiki. Siku ya chapati nyingi nafuta kaunta, nanyunyiza unga, nasukumia hapohapo.

Hata hivyo makala yenu ilikosea iliposema kwamba stenlesi "haikubali vijidudu". Inavikubali. Bakteria huweza kuishi juu yake kwa saa nyingi na hata siku, kama juu ya sehemu nyingine ngumu. Faida yake ni kwamba haina nyufa za kuvifichia, kwa hiyo ukiiosha inaoshika. Asiyeosha hana faida yoyote. Na mtu asikatie nyama wala mboga moja kwa moja juu yake, kwani kisu kitakuwa butu ndani ya wiki na kaunta itajaa mikwaruzo. Ubao wa kukatia bado una kazi yake.

Mikwaruzo itakuwepo hata ukijihadhari, na anayetaka kaunta ing'ae kama kioo ajue kwamba kila alama ya kidole itaonekana. Chagua ile yenye mistari midogo inayokwenda upande mmoja, usugue ukifuata mistari hiyo, usizungushe mkono. Usafi wa kila siku ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kusuuza, na kukausha. Kukausha ndiko kunakosahauliwa, na kwa sisi tunaotumia maji ya kisima ndiko kwenye maana kubwa, kwa sababu tone likikauka lenyewe linaacha chumvi yake palepale. Utando mweupe wa chokaa huondoka kwa siki iliyozimuliwa, kisha isuuzwe mara moja. Jiki na stilwaya vikae mbali kabisa.

Mnaoishi Dodoma, Iringa au Mbeya, hofu yangu ya chumvi isiwatie wasiwasi kupita kiasi. Huko, mbali na bahari, 304 itakaa miaka mingi bila doa, na hata 430, ile ambayo sumaku inaikamata na ambayo makala yenu ingeikataa, inafaa kabisa kufunikia ukuta nyuma ya jiko la gesi. Kwa pwani, ndani ya nyumba, nashauri 304 na mkono usiochoka kupangusa. Anayejenga jiko la nje, barazani, linaloitazama bahari, ajikaze anunue 316 au aachane na stenlesi, kwa sababu huko upepo utafanya kazi usiku ambayo kitambaa hakitaiwahi.

Ombi langu kwa wauzaji na mafundi si kubwa. Risiti zenu za EFD, zile za mashine ya kodi, zina nafasi ya kutosha kuandika "304, mm 1.2" badala ya "stenlesi", na anayeuza 201 aiandike 201 na aiuze kwa bei ya 201, wapo watu ambao itawafaa, na hakuna ubaya katika bidhaa ya bei nafuu inayoitwa kwa jina lake. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tumezoea kulisikia likituelimisha kuhusu vyakula na vipodozi, lingetusaidia sana kama lingeongeza somo hili, hasa sasa ambapo kila nyumba mpya ninayoiona inajengwa ina jiko la ndani na kaunta. Wanunuzi wenzangu nao wakatae risiti isiyo na gredi. Nimejaribu mara ya pili: muuzaji wa kwanza alinicheka, wa pili alisema hajui, wa tatu akaenda nyuma ya duka akarudi na karatasi ya kiwandani iliyokuja na shehena, yenye namba ya gredi na asilimia za kila madini. Nilinunua kwake, ingawa hakuwa wa bei ya chini.

Kaunta hiyo ya pili ina miaka minne sasa. Ina mikwaruzo, na karibu na jiko pamebonyea kidogo pale ambapo mjukuu aliangusha mchi, lakini kutu sijaiona. Ile ya kwanza haikutupwa. Iko uani chini ya mwembe, imekuwa kahawia kutoka ncha hadi ncha, na juu yake ndipo tunapopalia samaki.

Mwalimu mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam